Kidonge cha Joel

Jumatano, 2 Julai 2014

Bado siruhusiwi kushika ufagio. Wala jembe, wala sufuria. Ndiyo desturi, bibi-arusi hukaa ndani mpaka siku atakayotolewa. Basi nakaa. Nakula. Naandika. Nampenda mume wangu. Mume wangu! Nimeyaandika maneno hayo pembeni mwa karatasi kama msichana wa shule, na sioni haya.

Espoir amekwenda kibandani kwake barabarani, anakochaji simu za watu na kutengeneza redio. Kabla jua halijapanda akarudi, eti amesahau bisibisi. Bisibisi ilikuwa imechomoza mfukoni mwake. Niliiona. Akajua nimeiona. Akacheka hadi akaegemea mlango.

Nashinda na Sifa, mdogo wake Espoir, kitinda mimba wa Mama mkwe. Hajatimiza miaka minne. Siku ya harusi walimkalisha mapajani mwangu, kama inavyofanywa kwa kila bibi-arusi ili Mungu ampe wa kwake. Wenzake huteremka upesi. Sifa ameamua mapaja haya ni yake. Jina langu Noella halitaki. Ananiita Bibi-arusi. Ni mwepesi mno. Kama kapu lisilo na kitu.

Ijumaa, 4 Julai

Espoir amenieleza leo. Sifa alizaliwa na mishipa inayotoa damu mapafuni ikimwaga pasipo pake. Alipasuliwa Kampala kabla hajajua kutembea, wakaiunganisha upya na moyo. Kanisa zima la hapa Kashojwa, kambini kwetu wakimbizi, lilifanya ibada ya shukrani. Mama alipanda mbele, akamfungua mtoto kifua, watu wakaliona kovu na kupiga vigelegele.

Sasa anahema tena. Hospitalini Mbarara wamesema ni presha ya mapafu. Wamempa vidonge vya kukojoa. Chumvi asile, na vinywaji apewe kidogo kidogo. Daktari hataki kumwandikia dawa nyingine mpaka picha za moyo zisomwe Kampala.

Espoir alilia akinieleza. Hakujificha. Sikuwahi kuona mwanamume akilia hivyo, na nikampenda kuliko siku ya harusi. Labda ni vibaya kuandika hivyo. Ni kweli.

Jumamosi, 12 Julai

Wamenitoa ndani! Kitenge kipya cha manjano. Mashangazi wamekuja na kelele zao. Nimewamiminia maziwa watoto wote wa ukoo na wa jirani, mmoja mmoja, kama bibi-arusi apasavyo, na mikono ilitetemeka hadi shangazi mmoja akasema, "Angalieni, bwana hamupatie nafasi ya kulala huyu." Nilitaka ardhi inimeze. Espoir alitazama juu ya bati kana kwamba kuna ndege.

Sifa alipewa vijiko vichache tu. Alikasirika. Alitaka kikombe kizima kama Joel.

Joel ni mtoto wa jirani yetu, Mama Joel, anayeimba sauti ya kwanza kwayani. Ana miaka sita. Naye ana ugonjwa wa moyo, alizaliwa na tundu. Mwaka jana alikuwa hatoki nje ila kwa kubebwa. Leo amekunywa maziwa yake, akajifuta mdomo kwa shati, akakimbiza mpira wa magome ya mgomba mpaka kwa mchungaji na kurudi. Mama alimfuata kwa macho muda wote. Sikuona kitu kingine chochote usoni mwa Mama leo. Sherehe yenyewe hakuiona.

Jumanne, 22 Julai

Nimepika maharage yangu ya kwanza katika nyumba hii. Yameungua. Espoir amekula yote na kuomba tena. Mwongo mtamu.

Mama Joel alikaa nasi kuchambua mchele. Anatuchekesha mpaka machozi. Kumbe vidonge vinavyomsimamisha Joel ndivyo vidonge ambavyo wanaume hununua Mbarara kwa siri, kwa ajili ya mambo ya chumbani! Baba Joel alipokwenda na karatasi ya daktari mara ya kwanza, muuza dawa alimwangalia kuanzia kofia hadi viatu. "Baba Joel akasema, ni ya mutoto. Ule muntu akacheka zaidi! Akasema, eh muzee, wote banasema vile!" Mama naye akacheka. Nimeishi hapa wiki tatu na sikuwa nimesikia cheko lake.

Kisha Mama akauliza, polepole, daktari alimwambia Mama Joel kwamba mtoto ana nini.

"Presha ya mapafu."

Mama aliweka ungo chini.

Alhamisi, 7 Agosti

Sifa hapandi tena kilima cha bomba la maji. Namchukua mgongoni. Usingizini kichwa chake kinalowa jasho, mto wote unalowa. Midomo si myekundu.

Espoir amekwenda Mbarara. Picha hazijarudi kutoka Kampala. Daktari amesema wasubiri. Mama amesema, "Tusubiri nini? Joel na Sifa, daktari moja, ugonjwa moja. Joel anapewa dawa, Sifa anapewa kukojoa." Mtu kanisani amemwambia daktari anaweka dawa nzuri kwa wenye kujuana na wakubwa, mkimbizi anapewa maneno. Espoir naye anaanza kuamini. Na mimi.

Lakini ameniletea kutoka Mbarara utepe wa nywele wa bluu. Katikati ya mambo yote hayo alikumbuka nywele zangu.

Jumapili, 10 Agosti

Mungu ni mwema! Nalia kwa furaha hapa ninapoandika.

Baada ya ibada Mama Joel alituita nyuma ya kanisa. Alifungua fundo la kitenge chake. Vidonge vya Joel. Amegawanya na sisi. Anasema daktari amempa vya kutosha na vingine vitanunuliwa. "Mama Espoir, weye ulinipatia mihogo wakati nilifika hapa bila kitu. Mutoto wako ni wangu." Wakakumbatiana. Mama akavifunga katika ncha ya kitenge chake mwenyewe.

Ndivyo tunavyoishi hapa. Chumvi hugawanywa, moto hugawanywa, dawa ya malaria hugawanywa. Nani angekaa na kitu kinachomponya mtoto akamwangalia wa jirani akizama?

Tumempa Sifa nusu kidonge kwa kijiko cha chai. Tukashikana mikono sote wanne tukaomba. Mkono wa Espoir katika wangu. Nilifikiri: hii ndiyo familia yangu. Nilifikiri pia jinsi Sifa atakavyokimbia na Joel.

Jumanne, 12 Agosti

Mashavu yake yamepata rangi! Ameomba uji. Mama anaimba jikoni. Espoir amesema Krismasi tutampiga Sifa picha ya studio na gauni jeupe.

Alhamisi, 14 Agosti

Kikohozi kidogo. Mama anasema dawa inapambana na ugonjwa. Hata Joel alipoanza aliumwa kichwa. Tumempa nusu yake kama kawaida.

Hataki kulala chali. Analala ameketi, mgongo wake kifuani mwangu. Nasikia ndani yake kitu kama sufuria inayochemka mbali.

Jumamosi, 16 Agosti

Asubuhi povu mdomoni. Povu la waridi.

Nilidhani ni uji. Nilipanguza, likaja jingine.

Espoir alikimbia Base Camp, kwenye ofisi za kambi, kutafuta gari. Tumefika Mbarara adhuhuri, Mama mbele na mtoto, sisi nyuma ya pikapu juu ya magunia ya mahindi ya mtu. Nimeshika shati la Espoir njia nzima. Kucha za Sifa zilikuwa rangi ya zambarau. Nimeogopa. Sina neno zuri zaidi. Nimeogopa.

Jumatatu, 18 Agosti

Sifa yuko kwenye oksijeni. Wamemtoa maji mengi. Povu limekoma.

Daktari ni mama wa Kinyankore, mfupi, mwenye sauti ndogo. Kiswahili chake anakitafuta. Alisimama kitandani akauliza, "Huyu mtoto alikunywa dawa gani ingine?" Akatutazama mmoja mmoja. "Mimi sigombani na nyinyi, nyabo," akamwita Mama kwa heshima ya lugha yake. "Mimi nataka kujua, nisaidie yeye."

Espoir alitazama sakafu. Mimi nilimtazama Mama. Mama aliinua ncha ya kitenge akafungua fundo. Vidole vyake vilikataa. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma mkono. Vidonge vilivyobaki vilikuwa viganjani mwake kama mbegu.

Daktari aliviangalia. Hakufoka. Ingekuwa heri angefoka.

Jumatano, 20 Agosti

Nataka kuandika alivyotueleza, nisije nikasahau, kwa sababu watu watasema mengi.

Alituketisha kwenye benchi nje ya wodi. Alisema mapafu ni kama kanisa letu Jumapili. Kuna mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. "Joel, mlango ya kuingia ndiyo ilikaza. Hii dawa inafungua. Watu wanapita, mambo iko sawa. Sifa, mlango ya kutoka ndiyo imekaza. Ile pahali walishona Kampala, na mishipa yenyewe, inafungika tena. Sasa mkifungua mlango ya mbele, watu wanaingia tu, wanaingia, na huku nyuma hakuna kutoka. Itakuwa nini?"

"Watajaa," Espoir akasema.

"Wakijaa?"

Sote tulikuwa tumeliona lile povu.

Kwa hiyo presha ya mapafu ni jina moja. Chanzo si kimoja. Ndiyo maana alikuwa anasubiri picha. Hakuwa anamficha mkimbizi dawa. Alikuwa anaogopa jambo hilihili. Alisema, "Ni mimi. Niliwapatia jina ya ugonjwa, sikuwapatia maana yake." Sikutegemea daktari kusema hivyo.

Mama aliuliza swali moja tu. "Ni mimi nilimufunga ile milango?"

"Hapana, nyabo. Mlango ilikuwa inafungika yenyewe. Dawa ilileta maji tu, na maji tumetoa."

Kisha akamrudishia Mama vile vidonge. Akamkunjia vidole. "Hivi ni vya Joel. Mrudishieni. Yeye asikose hata siku moja."

Mama akavifunga tena katika kitenge. Sijui kama alisikia.

Ijumaa, 22 Agosti

Espoir hasemi na mama yake. Anampa chai, anampa kiti, hasemi. Nimemwambia sote tulishikana mikono tukaomba siku ile. Akaondoka akaenda kusimama getini.

Mume wangu mzuri. Sikujua ana kimya kama hiki ndani yake. Nami nilidhani nimemjua wote.

Ijumaa, 29 Agosti

Picha zimesomwa. Kampala wamezisoma, wakazituma kwa madaktari wa ng'ambo nao wakazisoma.

Mishipa ya pafu la kushoto imefungika. Ya kulia imebaki kama uzi. Huweza kupanuliwa kwa puto ndogo inayopitishwa ndani ya mshipa, lakini ya Sifa ni myembamba hadi ndani ya pafu lenyewe, na ingejifunga tena upesi. Kumpasua tena, hataamka mezani. Wote wamejibu jibu moja.

Espoir aliuliza India je. Daktari akasema, "Wale wa India ndio mmoja wa hao waliojibu."

Alimshika Espoir begani. Espoir akamgeukia mama yake, akaweka kichwa chake kwenye bega la mama yake, mwanamume mrefu vile, akalazimika kuinama sana. Wamesemezana tena. Ningependa iwe kwa habari nyingine.

Jumatano, 3 Septemba

Nyumbani. Vidonge vya kukojoa, dawa ya kutuliza pumzi, kukaa kivulini. Mama hagusi dawa yoyote ya Sifa. Ananipa kijiko na kugeuka ukutani. Mimi ndiye ninayempa. Sifa anafungua mdomo kama kifaranga, kisha anauliza kama Bibi-arusi naye amemeza yake.

Mama Joel hajaja. Kwaya imekuja, mchungaji amekuja, yeye hajaja. Nimemwona bombani. Akaacha dumu lake kwenye foleni akaenda zake.

Jumapili, 21 Septemba

Sikwenda kanisani. Nilikaa mlangoni na Sifa mapajani. Ndipo anapolala vizuri. Nikiwa nimekaa wima na yeye amekaa wima, mapafu yanampa nafasi. Miguu yangu inakufa ganzi. Siiondoi.

Espoir alirudi kutoka ibada akakaa chini mbele yetu, akanivua viatu, akaanza kunisugua nyayo. Watu wanapita njiani wanaona, mwanamume anamsugua mkewe miguu hadharani! Hakujali. Nimeolewa na mtu ambaye hajali. Nilikuwa na furaha na huzuni kwa wakati mmoja, na sikujua nianze kulia kwa ajili ya ipi.

Sifa alifungua jicho. "Kaka, na ya mimi."

Akamsugua na zake. Zimevimba.

Jumanne, 7 Oktoba

Ameomba maziwa. Kikombe kizima, si kijiko. Nilimtazama Mama. Mama alimtazama Espoir. Daktari alikuwa ametuambia kwamba ikifika siku za mwisho tumpe anachotaka. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema siku zimefika.

Mama ndiye aliyekwenda kwa wafugaji akarudi na maziwa. Nimemimina mimi, kwa mikono miwili, kama siku ya kutolewa kwangu. Alikunywa mafundo matatu. Akakishika kikombe hata hivyo, hakutaka kichukuliwe. Chake.

Jumamosi, 11 Oktoba

Sifa amefariki leo asubuhi.

Alikuwa mapajani mwangu. Mama alikuwa anamsuka nywele. Nusu ya kichwa ilikuwa imekwisha. Mama aliendelea kusuka.

Nikamwacha amalize.

Jumanne, 14 Oktoba

Tumemzika jana. Gauni jeupe. Espoir alilinunua mwenyewe.

Watu ni wengi uani, nyimbo haziishi. Nimerudishiwa kazi zote za bibi-arusi aliyekwisha kuzoea: maji, kuni, vikombe vya wageni. Nafurahi kuwa na kazi. Nikikaa chini mapaja yanahisi hakuna kitu, na hicho ndicho kizito.

Wanawake wananong'ona. Eti dawa ndiyo iliyoua. Eti Mama Joel alimpa sumu bila kujua. Nilieleza habari ya milango miwili. Walitikisa kichwa kwa adabu. Nikiondoka wanaanza tena.

Mama Joel alisimama barabarani wakati wa mazishi, nje ya uzio wa minyaa. Hakuingia.

Alhamisi, 30 Oktoba

Espoir amefungua kibanda tena. Asubuhi alisahau bisibisi. Safari hii aliisahau kweli. Nikampelekea. Tulisimama pale tukashikana vidole juu ya redio iliyofunguliwa tumbo. Bado nampenda. Zaidi. Ni mapenzi mengine, hayachekicheki.

Joel alikuwa ameketi kando ya barabara. Wenzake wanacheza. Nilimuuliza kwa nini hachezi. Akasema kifua kimechoka. Midomo yake naijua rangi ile.

Nimemwambia Espoir. Akamfuata Baba Joel. Ni kama nilivyohofia. Tangu Sifa alazwe Mbarara, Mama Joel hakulala kwa woga. Akaanza kumpa mtoto nusu. Tangu mazishi hampi kabisa. Baba Joel amesihi, amefoka. Anajibu, "Ile kitu iliua mutoto wa rafiki yangu. Siyo mukono yangu itaweka kwa kinywa ya wangu." Boksi amelitupa chooni.

Nimekaa jioni nzima sijui nimwambie Mama au nisimwambie. Mama ambaye tangu siku ile hajasema neno dawa.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimemwambia. Alikuwa anapepeta maharage. Hakuacha kupepeta. Nilifikiri hakunisikia.

Jumapili, 9 Novemba

Nimechelewa kuandika habari ya wiki ile. Nilitaka kwanza nione kama itadumu.

Asubuhi ya Jumamosi, kesho yake baada ya mimi kumwambia, Mama alioga, akavaa kitenge kilekile, kile alichovaa Mbarara. Hajawahi kukifua tangu siku hizo, sasa najua kwa nini. Akaniambia, "Bibi-arusi, chukua kikombe ya maji." Ni mara ya kwanza mtu kuniita hivyo tangu Sifa. Nilichukua maji nikamfuata.

Mama Joel alikuwa uani. Alipotuona alisimama, akatafuta pa kwenda, hapakuwa na pa kwenda. Alianza kulia kabla hatujafika. Mama hakumsalimu, hakumkumbatia. Alikaa juu ya mkeka. Akamwita Joel. Akafungua fundo la kitenge. Safari hii vidole havikukataa.

Mama Joel akasema, "Mama Sifa, hapana. Nakuomba."

"Ni yake," Mama akasema. "Dokita alisema nirudishe. Nimechelewa."

Akamwekea Joel kidonge ulimini kwa mkono wake mwenyewe. Mkono ambao haukugusa kijiko cha dawa tangu Agosti. Mimi nikamshikia kikombe. Joel akameza, akakunja uso, akatoa ulimi tuone hakubaki kitu. Ndipo wanawake wale wawili wakashikana, na mimi nikatazama pembeni.

Jumatatu Espoir alikwenda Mbarara na Baba Joel. Daktari alimpima Joel, akaandika vingine. Muuza dawa alimuona Espoir na pete yake mpya, akamtania, "Eh, bwana arusi, mapema hivi?" Espoir anasema alilipia akatoka.

Kila asubuhi Mama anavuka ua. Husimama mlangoni kwao na kuuliza, "Amemeza?" Akijibiwa ndiyo, hurudi. Hakai, hanywi chai.

Leo kabla ya ibada nilimsikia Joel akimjibu mwenyewe kutoka ndani, kwa sauti kubwa, kwamba amemeza. Mama akarudi akaketi karibu nami mlangoni. Tukamenya mihogo.